Dobi Aliyepima Anga

Hospitali ilikuwa na vitanda mia moja na themanini. Kila kitanda kilitaka mashuka mawili, na mashuka hayo yote, yaliyotapikiwa, yaliyomwagikiwa dawa, yaliyozaliwa watoto juu yake, yalipita mikononi mwa mwanamke mmoja na wenzake watatu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye vidole vilivyochujuka kwa sabuni. Hospitali nzima ilimwita Bi Kamba, kwa sababu ya kamba kumi na moja za kuanikia alizozitawala nyuma ya jengo la wazazi. Wenye ulimi mkali walisema ipo sababu ya pili. Alikuwa na tabia ya kutazama juu na kutangaza, "Mvua saa nane," na watu wakajibu kwa kicheko, "Haya, Bi Kamba kaanza kupiga kamba."

Wenzake wa karoni, pale pa kufulia, hawakucheka. Walianua.

Anga alijifunza kwa kuchapwa nayo. Mwaka wake wa kwanza kazini, akiwa binti wa miaka ishirini na miwili, aliachiwa uwanja peke yake. Akaanika mashuka mia mbili, akavua ndala, akaketi kivulini. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na ngurumo hata moja ya kumwonya. Mvua ikamwagika. Akayafua yote upya kwa sababu ya tope lililorukia, akayaanika tena, na mvua ikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Jioni ile wagonjwa wengi walilala juu ya raba tupu za magodoro, na Metroni wa enzi zile, mwanamke asiyepoteza maneno, alimwita kando akamwambia, "Binti, mbingu haina adabu. Basi uwe nayo wewe. Itazame."

Akaitazama miaka ishirini na saba. Mashine ya kukaushia nguo ilikuwapo, lakini ilikufa mapema, na tangu hapo kazi yake pekee ilikuwa kuwapa paka mahali pa kuzalia. Jua na upepo ndio waliokausha mashuka ya wagonjwa, na Bi Kamba alizijua tabia zao kama mtu anavyozijua tabia za wakwe. Alijua upepo wa kusini wa asubuhi, unaokausha taratibu na kunyoosha kitambaa. Alijua siku ambazo jua linawaka lakini nguo hazikauki, zinabaki na ubaridi kwenye pindo. Alijua vyura wa kinamasi kilichokuwa ng'ambo ya ua wa hospitali, saa zao za kelele na saa zao za kunyamaza. Asichokijua ni kwa nini. Na kila alipouliza, alijibiwa kwamba dobi hana haja ya "kwa nini", ana haja ya sabuni.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa siku lori la idara ya hali ya hewa lilipoingia. Mafundi wakazungushia uzio kipande cha nyasi kando ya kamba yake ya mwisho, wakasimika mlingoti wenye kishale cha kuonyesha upepo, wakafukia mtungi wa shaba nusu yake ardhini, wakaweka kibanda cheupe juu ya miguu minne, chenye kuta za mbao zilizolazwa mshazari ili hewa ipite. Wagonjwa wakajitokeza madirishani kutazama. Mmoja akasema ni mzinga wa nyuki. Mwingine akasema hapana, wakubwa wameanza kufuga njiwa.

Kazi ya kusoma vipimo akapewa karani wa stoo, kijana wa kalamu mbili mfukoni. Kila siku saa tatu asubuhi alitakiwa afungue kibanda, asome vipimajoto, apime maji ya mvua yaliyoingia mtungini, aandike. Wiki ya kwanza alikwenda. Wiki ya pili alikwenda siku zisizo na umande, kwa ajili ya viatu vyake. Baada ya hapo alijaza daftari akiwa stoo, kichwani mwake, huku akinywa chai.

Mwisho wa mwezi wa pili akaja mtaalamu wa hali ya hewa kukagua. Alikuwa bwana mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akasimama kando ya kibanda na daftari mkononi, akageuza kurasa mbele, akazigeuza nyuma, akakuna kisogo. Upande wa pili wa uzio Bi Kamba alikuwa anakamua shuka na mwenzake, yule waliyemwita Mama Pacha kwa sababu alizaa pacha mara mbili mfululizo.

"Kumi na nne mwezi huu," mtaalamu alijisemea kwa sauti, "hakuna mvua. Ajabu. Vituo vyote vya jirani vimepata."

"Ilinyesha," akasema Bi Kamba.

Mtaalamu akainua kichwa. "Unasemaje, mama?"

"Kumi na nne ilinyesha. Saa nne hadi saa tano na nusu. Ikapumzika, ikanyesha tena kidogo alasiri. Siku hiyo tuliyatandaza mashuka ya chumba cha upasuaji juu ya meza za jikoni, mpishi akatukasirikia. Muulize."

"Na ishirini? Hapa pameandikwa mvua kubwa."

Mama Pacha akaangua kicheko. "Ishirini? Siku ile hata soksi nzito zilikauka kwa saa moja!"

Mtaalamu hakucheka. Alifunga daftari polepole, akamtazama Bi Kamba kama fundi anavyoutazama ubao mzuri ulioachwa jalalani. "Mama," akasema, "hebu ingia humu ndani ya uzio. Nataka nikuonyeshe kitu."

Akafungua kibanda. Ndani vilining'inia vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa kitupu. Kingine kilikuwa kimevishwa kitambaa chepesi mwisho wake, na kitambaa kimeingizwa kwenye kikopo cha maji.

"Hiki kikavu kinapima joto la hewa," alianza kueleza. "Na hiki..."

"Hiki kimevaa nguo mbichi," Bi Kamba akamkatiza. Akasogeza uso karibu. "Hewa ikiwa kavu, kitambaa kinakauka haraka, kinapoa, kipimo kinashuka. Hewa ikiwa imeshiba maji, kitambaa hakikauki, basi vipimo viwili vinakaribiana. Ndivyo?"

Mtaalamu akavua miwani. "Nani amekufundisha?"

"Mashuka," akasema. Na pale pale machozi yakamlengalenga, yeye mwenyewe hakuelewa kwa nini. Miaka ishirini na saba alikuwa akigusa pindo za mashuka kwa mgongo wa mkono kupima kama siku itamfaa, akidhani ni ujanja wake tu wa kidobi. Kumbe ni elimu. Kumbe kuna watu wameijengea kibanda.

Juma lililofuata karani alirudishwa kwenye stoo yake na daftari likahamia karoni. Maneno hayakukosekana. "Sasa dobi atapima nini, suruali?" aliuliza karani, na watu wakacheka. Bi Kamba akamjibu bila kugeuka, "Suruali yako naijua kipimo, mwanangu. Ilikuwa inarudi na tope siku zile ulizoandika ukame." Watu wakacheka zaidi, na safari hii karani hakuwa miongoni mwao.

Shida ilikuwa nukta. Shule aliiachia darasa la tano, akiwa anajua kujumlisha na kutoa, lakini namba zenye nukta zilimtisha kama nyoka kwenye kuni. Bilauri ya kupimia mvua ilikuwa na mistari midogo, kumi kati ya kila milimita na mwenzake, na yeye hakuwa ameishi na milimita.

Aliyeishi nazo ni mumewe. Alikuwa fundi seremala, mzee wa maneno ya mzaha, mwenye penseli sikioni hata alipolala. Jioni moja alimkuta mkewe ameinamia daftari, amekunja uso.

"Nani kakuudhi, mke wangu? Nimpige randa?"

"Nukta, baba. Mvua ya leo ni kumi na mbili nukta tano. Kumi na mbili na nini?"

Mumewe akatoa futi yake ya chuma, akaivuta juu ya meza. "Tazama. Hapa ni kumi na mbili. Hapa kumi na tatu. Katikati hapa, nusu. Ubao wa dari ninaopigilia mimi una unene huo huo." Akachukua kipande cha ubao, akakilaza mezani. "Sasa chukulia leo mbingu imeifunika nchi yote ubao wa unene huu. Wa maji. Juu ya paa, juu ya shamba, juu ya barabara, bila kubakisha ufa."

Bi Kamba akaupapasa ubao ule. Akaiona. Akaona maji yamelala sawasawa juu ya kila kitu, unene wa kidole chake kidogo, na akashika mdomo. "Yote hayo? Kwa saa moja na nusu tu?"

"Na bila msumari hata mmoja," akasema mumewe.

Tangu hapo alisoma kipimo, na akirudi nyumbani alikitafsiri kwa lugha ya mbao. "Leo plaiwudi nyembamba." "Leo mlango mzima, baba!" Majirani waliosikia ukutani walidhani biashara ya seremala inakwenda vizuri.

Miaka mitatu ikapita hivyo, na daftari halikuwa na siku hata moja tupu. Siku ya msiba wa dada yake alisoma vipimo kwanza, ndipo akapanda basi. Jumapili alikuja na nguo zake nzuri, akafungua kibanda, akaandika, akaenda zake. Mtaalamu alimzoea. Kila ukaguzi alimletea kitu cha kusoma, na kwa kuwa Bi Kamba hakuwa na aibu ya kuuliza, ukaguzi wa saa moja uligeuka kuwa darasa la nusu siku. Alijifunza kwamba hewa ina uzito. Alijifunza kwamba msitu wa milimani, ule ulioonekana kwa mbali kama nywele fupi, hunyonya maji ardhini kwa mizizi na kuyapumua hewani kwa majani, na kwamba sehemu ya maji hayo ndiyo iliyokuwa inamlowanishia mashuka. Kinamasi cha ng'ambo ya ua, alichokilaani miaka yote kwa mbu wake, kumbe ndicho kilichokuwa kikiyapokea mafuriko na kuyatoa kidogo kidogo, vinginevyo maji yangelala wodini. Kulikuwa na mpango wa kukifukia kifusi. Bi Kamba akaenda mwenyewe ofisini kwa Mganga Mkuu na kurasa zake za mvua za miaka mitatu, akamwekea ubao wa seremala mezani, akamweleza maji ya masika yanakokwenda. Mpango ukasimamishwa. Vyura wakabaki na kwao.

Lakini kilichomfanya ajulikane mbali ni ile Alhamisi ya mahema.

Paa la wodi ya watoto lilikuwa linabadilishwa. Mabati ya zamani yalikuwa yameng'olewa, na watoto wagonjwa thelathini na wanane walihamishiwa na mama zao kwenye mahema mawili makubwa mbele ya jengo kuu. Mahema mazuri, yenye nguzo za chuma na kamba nene. Yangekaa wiki mbili tu.

Siku hiyo asubuhi hali ilikuwa ya kawaida. Saa tatu Bi Kamba alisoma, akaandika, akarudi karoni. Hata saa sita ilipofika jua lilikuwa linachoma kichwani. Akaenda kugusa shuka la kwanza kwenye kamba ya kwanza. Bichi. La pili, bichi. Yalikuwa juani tangu saa mbili.

"Mama Pacha, umeyakamua haya?"

"Nimeyakamua hadi yamelia."

Bi Kamba akaingia ndani ya uzio, akafungua kibanda. Kipimo kikavu kilisoma thelathini na moja. Kile chenye kitambaa, ambacho siku kama ile hukaa ishirini na mbili au tatu, kilikuwa kimepanda ishirini na nane. Hewa ilikuwa imeshiba hadi kooni. Akatoka akatazama kamba zake. Upepo wa kusini ulikuwa umekoma. Mashuka yote, kamba kumi na moja, yalikuwa yameinua pindo polepole kuelekea magharibi, milimani, kana kwamba kule kuna mtu anavuta pumzi ndefu.

Na alikuwapo. Juu ya milima lilikuwa limesimama wingu refu kupita yote aliyowahi kuyaona, jeusi chini, jeupe juu, kichwa chake kimetandazwa bapa kama fuawe la mhunzi. Upande wa mbele wa hospitali hakuna aliyeliona, kwa kuwa jengo kuu la ghorofa lilikuwa limeuziba upande ule wa mbingu. Huko mbele palikuwa na jua, na mama za watoto wamekaa nje ya mahema wakisukana nywele.

Akampigia simu mtaalamu. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Mtaalamu aliwahi kumwambia: wingu la radi kwanza linavuta hewa ya joto na unyevu kutoka pande zote, linajijaza, kisha linaitupa chini ikiwa baridi na nzito, na hewa hiyo ikigonga ardhi hukimbia mbele ya mvua kwa nguvu ya lori. Kwanza linavuta. Kisha kimya. Kisha linatupa.

Akatazama mashuka. Pindo zilikuwa zinashuka. Kimya kilikuwa kinaanza.

Alikimbia. Wanawake wa hospitali ile walisema baadaye kwamba hawajawahi kumwona Bi Kamba akikimbia, na wengine hawakujua kama anaweza. Alimkuta Metroni, mwanamama mrefu mwenye saa kifuani, akikagua dripu katika hema la kwanza.

"Metroni, watoto waingie ndani. Sasa hivi. Upepo unakuja, mahema haya hayatasimama."

Metroni akatoka nje ya hema, akainua uso. Anga juu yao ilikuwa bluu. "Upepo gani, Bi Kamba? Hata jani halitikisiki."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Kumi na wawili wana dripu. Watatu wana oksijeni. Mmoja nimemlaza kwa shida baada ya degedege. Niwang'oe wote niwapeleke wapi? Na usipokuja?"

Bi Kamba alikuwa anahema. Alitaka kueleza fuawe na vipimo na hewa iliyoshiba, lakini aliona hakuna muda wa darasa. "Usipokuja," akasema, "utawarudisha watoto kwenye hema, utaniandikia barua, na mimi nitaipokea kwa mikono miwili na hospitali nzima itacheka mwaka mzima. Ukija, Metroni, na wamo humu..." Hakumaliza. Alimshika mkono, jambo ambalo dobi hamfanyii Metroni, akamvuta hatua thelathini hadi pembeni mwa jengo kuu, mahali ambapo mtu angeweza kuona magharibi.

Metroni akaona. Kisha akapiga kelele kwa sauti iliyofika hadi maabara.

"Wauguzi wote mbele! Watoto waingie bwalo la chakula! Wa oksijeni kwanza!"

Hapo ndipo hospitali ilipoonyesha ilivyoumbwa. Wauguzi walishika dripu juu kama bendera, mama wakabeba watoto, wapishi wakasukuma meza kando, mafundi wa paa wakashuka ngazi na kubeba vitanda wawili wawili. Karani wa stoo alionekana na mtungi wa oksijeni begani, kalamu zake zikidondoka nyuma yake. Bi Kamba na wenzake watatu walirudi uwanjani, lakini si kuanua. Waling'oa mashuka mabichi ya kamba moja, wakayakunja mara mbili, na kila wawili wakabebea mtoto asiyeweza kuinuliwa wima, mikono ile iliyokamua mashuka miaka na miaka ikishika pembe bila kulegea. Yule wa degedege alivuka uwanja mzima akiwa amelala, hakufumbua hata jicho.

"Wa mwisho!" akaita Metroni mlangoni. "Hesabu!"

"Thelathini na sita... na saba..." Muuguzi aliyekuwa akihesabu akasita.

"Mmoja bado," akasema Mama Pacha. "Nani bado?"

Upepo wa kwanza ukafika. Ulikuwa baridi, wa kushtua, wenye harufu ya udongo wa mbali uliolowa. Bi Kamba hakungoja. Alijitupa nje, akaingia hema la pili ambalo tayari lilikuwa linapumua kama ng'ombe mgonjwa, akainama chini ya vitanda. Chini ya kitanda cha tatu alikuwapo msichana mdogo, bandeji kichwani, aliyejificha kwa kuogopa kelele huku mama yake akiwa amekwenda kuchota maji.

"Njoo, bibi yangu," akamwambia taratibu, kana kwamba wana siku nzima. "Njoo tukatazame mvua. Mimi na wewe ndio wakaguzi."

Msichana akatoa mkono. Bi Kamba akamfunga mgongoni kwa khanga yake, akatoka mbio. Alikuwa amebakiza hatua chache kufika bwaloni aliposikia nyuma yake sauti kama ya kitambaa kikubwa kinachochanwa na Mungu mwenyewe. Hakugeuka. Mikono mingi ikamvuta ndani, mlango ukafungwa, watu wanne wakauegemea.

Kupitia dirishani waliliona hema la pili likinyanyuka na nguzo zake, likapinduka hewani, likaangukia juu ya hema la kwanza. Nguzo za chuma zikapiga vitanda vitupu na kuvikunja. Kisha mvua ya mawe ikashuka, mawe ya ukubwa wa jicho la mbuzi, na kwa dakika ishirini hakuna aliyemsikia mwenzake.

Ilipopungua, Metroni alihesabu mwenyewe, akimgusa kila mtoto kichwani. Alihesabu mara mbili. Kisha akasimama katikati ya bwalo, saa yake kifuani ikipanda na kushuka.

"Thelathini na wanane," akasema. "Wazima."

Makelele yaliyolipuka pale yalishinda mawe. Mama walipiga vigelegele, wapishi wakagonga sufuria, fundi wa paa mmoja akalia kwa sauti bila kujificha. Bi Kamba alikuwa ameketi sakafuni, msichana bado yuko mgongoni anachungulia begani. Metroni akaja akachuchumaa mbele yake, sketi yake nyeupe kwenye maji yaliyopenya chini ya mlango.

"Dada," akamwambia. Miaka yote hakuwahi kumwita hivyo.

Kesho yake saa tatu asubuhi, kati ya matawi yaliyovunjika na kamba za nguo zilizokatika, Bi Kamba alifungua mtungi wa shaba, akamimina katika bilauri mara tatu, akaandika: sitini na tatu nukta nne. Alipoinua macho, mtaalamu alikuwa amesimama nje ya uzio na matope hadi magotini, kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika na alitembea. Alikuwa amesikia. Alilichukua daftari, akasoma mstari wa jana kwenye nafasi ya maelezo, Bi Kamba alipokuwa ameandika kwa mkono wake mzito: *Saa 6.20 mashuka yameelekea milimani. Saa 6.40 kimya. Saa 7.05 upepo wa magharibi. Hakuna aliyeumia.*

"Mama," akasema, "utabiri wetu wa jana ulisema manyunyu hapa na pale."

"Na ninyi hamkukosea sana," akamfariji. "Yaliangukia hapa na pale."

Mtaalamu akacheka hadi akashika uzio. Kisha akamweleza jambo jingine. Idara ilikuwa inaandaa mtihani wa waangalizi wa hali ya hewa. Cheti kamili, kazi kamili. Alitaka jina la Bi Kamba liwemo.

Alisoma miezi minne. Mumewe alimchongea meza ndogo yenye mteremko ili shingo isimuume, na kila usiku ulipoanza alimuuliza maswali kutoka kitabuni, akikosea matamshi kwa makusudi ili amchekeshe. Siku ya mtihani aliingia ukumbini mapema. Msimamizi, kijana nadhifu, akamwona na mkoba wake, akamwambia kwa heshima, "Mama, usafi tunafanya tukishamaliza."

"Vizuri," akasema Bi Kamba akiketi kiti cha mbele. "Nikimaliza mtihani nitakusaidia kufagia."

Walikuwa watahiniwa arobaini na mmoja, wengi wao wa umri wa watoto wake. Alishika nafasi ya tatu. Katika karatasi ya kusoma mawingu hakuna aliyemfikia. Matokeo yalipobandikwa kwenye ubao wa hospitali, Mama Pacha alisimama hapo tangu asubuhi akiwasomea hata wasioomba kusomewa, na Mganga Mkuu akatoa amri kwamba chumba cha zamani cha mashine ya kukaushia kisafishwe, kiwe ofisi ya mwangalizi. Paka walihamishwa kwa heshima zote.

Masika yaliyofuata kengele ya kuonya juu ya tufani ilikuwa imetundikwa kwenye ukumbi wa hospitali, na vituo vya afya vitatu vya jirani vilikuwa vimeomba waletewe utaratibu kama ule. Siku moja alasiri Bi Kamba alitoka ofisini, akatazama magharibi, akatuma neno moja tu kwa Metroni. Kengele ikalia. Hakuna aliyeuliza swali. Mafundi waliokuwa juu ya ngazi walishuka, madirisha yakafungwa, wagonjwa waliokuwa bustanini wakaingia kwa mwendo wa kawaida, wakizungumza mambo yao, mmoja akiwa bado anamenya chungwa. Dakika kumi na tano baadaye upepo ukaipiga hospitali kwa nguvu zake zote, ukakuta kila mlango umefungwa na kila mtu yuko ndani.

Bi Kamba alikuwa amesimama nyuma ya kioo, kikombe cha chai mkononi, akiyatazama mawe ya mvua yakiruka juu ya nyasi. "Piga," akaiambia ile tufani, akanywa funda. "Piga basi, tukuone."